Soma Kwanza Namba ya Moteri

Leo naomba tuzungumze juu ya kitabu. Kitabu cha kutengeneza pikipiki.

Najua kuna atakayeniuliza: mafundi wapo kila kona, kitabu cha nini? Mafundi wapo, na tunawaheshimu. Lakini hapa Kolwezi pikipiki ndiyo chungu cha nyumba. Ikilala siku mbili ikingoja zamu yake gerejini, watoto wanaziona siku hizo mbili kwenye sahani. Kusafisha chujio la hewa, kukaza cheni, kumwaga mafuta machafu, hata kurekebisha valvu, ni kazi ambazo mtu anaweza kuzifanya uani kwake akiwa na kle tatu nne na kitabu kinachosema kweli juu ya pikipiki yake yeye.

Mimi nimewahi kupotea hapo. Nilinunua fotokopi ya kitabu kizuri, picha safi, Kifaransa chepesi, kwa kuwa jina la juu lilifanana na lile la kwenye tangi langu. Jumapili nikafungua kichwa cha moteri. Kitabu kinaniambia nitafute cheni ndogo inayopanda kuzungusha kemu inayosukuma valvu. Natafuta, cheni haipo. Naona vijiti viwili vya chuma vimesimama vinanitazama. Kijana fundi wa jirani akaja, akapangusa mikono, akaangalia picha, akaangalia moteri.

"Yaya," akasema, "hii buku si ya hii moteri."

Alisema kweli. Jina la kwenye tangi ni kibandiko tu. Pikipiki nyingi za Kichina, ziwe na jina lolote, zimebeba moteri ya ukoo wa Honda CG125, iliyotoka katikati ya miaka ya 1970. Honda waliibuni kwa ajili ya nchi ambako mzigo hauna kipimo na mafuta hubadilishwa mtu akikumbuka, ndiyo maana wakaiacha cheni ya kemu wakatumia vijiti. Boxer za Bajaj na TVS tunazozipanda zina cheni ya kemu. Na kati ya hizo za Kichina zenyewe, zipo za vijiti na zipo za cheni, na ukizitazama zikipita barabarani huwezi kuzitofautisha.

Kwa hiyo kabla ya kutoa franka, chukua kitambaa chenye petroli kidogo, futa udongo kwenye ubavu wa moteri, chini, usome namba iliyogongwa pale. Ukikuta 162FMJ, moja ni silinda moja, 62 ni upana wa tundu la silinda kwa milimita, F ni kupozwa kwa upepo, M ni pikipiki, na J ni daraja la ukubwa, yaani sentimita za ujazo 150. Ukikuta 156FMI, hiyo ni ya 125. Kisha mwulize fundi: ya vijiti au ya cheni? Majibu hayo mawili ndiyo uende nayo kwa muuzaji, au kwa yule anayekuchapia kutoka kwenye simu.

Ukishakishika kitabu, usianze na picha ya jalada. Fungua ukurasa wa nyaya za umeme, inua kiti cha pikipiki, ulinganishe rangi. Katika ukoo wa Honda waya wa kijani ndio unaorudi kwenye chasi. Kama kitabu kinasema rangi nyingine na chini ya kiti chako ni kijani, kirudishe mezani. Halafu tafuta nafasi ya valvu. Kwa CG125 ni milimita 0.08, moteri ikiwa baridi, karibu unene wa unywele mmoja. Kitabu kinachosema "rekebisha valvu" bila kukupa namba kimekuacha njiani.

Mimi napenda pia kuona kwenye picha mikono ya mtu aliyeifungua moteri kweli. Mwingereza John Haynes, alipokuwa katika jeshi la anga huko Aden, alisaidia kulifungua gari la rafiki yake na kulijenga upya, kila hatua ikipigwa picha. Kitabu chake cha kwanza cha namna hiyo kilitoka mwaka 1966. Kampuni yake ilitoa hata cha CG125, ila ni cha Kiingereza, na hapa lugha ni jambo zito. Sisi tunasema buji, wenzetu wa Tanzania wanasema plagi. Sisi embreyaji, wao klachi. Kama jina la kifaa unalijua kwa Kifaransa, basi kitabu cha Kifaransa kitakusaidia zaidi, na kikiwa cha Kiingereza, kaa na mtu anayekijua mwandike majina yenu pembeni ya kila mchoro. Jioni moja inatosha.

Kuna jambo ambalo kitabu hakitakuambia. Kimeandikwa kwa barabara safi, kinahesabu kilomita. Kwetu, mwezi wa nane, malori ya madini yakipita, vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye chai. Na mita za pikipiki ngapi mjini humu bado zinahesabu? Yangu kamba yake ilikatika zamani. Nimechukua bic, nikafuta kilomita kwenye ukurasa wa chujio la hewa, nikaandika juu yake: mvua, kila Jumamosi ya pili; kiangazi, kila Jumamosi; nikitoka barabara ya vumbi ya Musompo, jioni ile ile.