Kuvusha Ndege Ndogo Baharini: Injini Nzima, Mafuta Yamegoma

Abiria anayepanda Cessna Caravan pale Dar es Salaam kwenda Unguja huulizia mzigo wake, kiti cha dirishani, na kama lile wingu jeusi lina neno. Ni nadra aulize ndege yenyewe ilifikaje hapa. Caravan hutengenezwa Kansas, katikati ya Marekani. Ina injini moja tu, na aghalabu huja ikiruka yenyewe: pwani ya Kanada, Atlantiki, Ulaya, kisha kushuka kusini.

Kwa nini isipakiwe melini? Inawezekana, mabawa hufunguliwa na ndege ikaingia kwenye kontena. Kazi ni kuiunganisha tena, maana kila waya, bomba na bolti lazima vipite mikononi mwa fundi mwenye leseni kabla ndege haijaruhusiwa kubeba mtu. Mnunuzi mwenye haraka humkodi rubani.

Mada hii ina hoja moja. Wengi hudhani adui wa rubani huyo ni injini kuzimika katikati ya maji. Visa vinavyokumbukwa zaidi vinasema vingine: injini ilikuwa nzima, ila mafuta yaligoma kupita au chombo cha kuongozea kikadanganya.

Tuanze na mafuta. Cessna 172, ndege inayofahamika sana vyuoni kwa mafunzo ya urubani, hubeba kama lita 200 na kutumia lita 35 hivi kwa saa. Kwa mwendo wa kilomita 200 kwa saa, tangi linakauka baada ya kilomita 1,100 na ushei. Kutoka Goose Bay, Kanada, hadi Narsarsuaq, Greenland, ni kama kilomita 1,250. Gander hadi Shannon, Ireland, ni zaidi ya 3,000. Kwa hiyo viti vinang'olewa, na mahali pake linafungwa tangi la alumini au mfuko mkubwa wa mpira. Lita 500 za petroli ya ndege zina uzito wa kilo 360 hivi, kana kwamba watu wazima watano wamejazana nyuma ya rubani katika ndege ya watu wanne. Ndege huondoka imezidisha uzito, kwa kibali maalumu, na hupanda kwa kujikongoja.

Anayepitia Narsarsuaq hupunguza mafuta lakini huongeza mtihani mwingine. Uwanja huo, uliojengwa na Wamarekani mwaka 1941, uko ndani kabisa ya mkono wa bahari uliobanwa na milima. Mawingu yakishuka, rubani akikosea na kuingia mkono usio wake, huenda akakuta ukuta wa mawe mbele yake bila nafasi ya kugeuza.

Kenya ina sehemu yake katika historia hii. Septemba 1936 Beryl Markham, aliyekulia Njoro, aliondoka Abingdon, Uingereza, peke yake katika Vega Gull ya kuazima, akielekea magharibi dhidi ya upepo. Baada ya saa zaidi ya 20 injini ilizimika, akatua kwa pua kwenye tope la Cape Breton, Kanada. Lawama iliangukia barafu iliyozuia mfumo wa mafuta.

Kisa cha Jay Prochnow ndicho kinachostahili kusomwa polepole. Desemba 1978 alikuwa akipeleka Cessna 188, ndege ya kunyunyizia dawa mashambani, kutoka Marekani hadi Australia. Aliondoka Pago Pago kuelekea kisiwa cha Norfolk. Saa ya kufika ikapita, kisiwa hakionekani: mshale wa chombo chake cha redio ulikuwa umempotosha. Aliyemsaidia ni Gordon Vette, rubani wa DC-10 ya Air New Zealand iliyokuwa na abiria wake ikielekea Auckland. Wote wawili walielekeza ndege zao kwenye jua na kulinganisha dira. Kisha kila mmoja alinyoosha mkono na kuhesabu vidole vilivyoenea kati ya jua na upeo wa bahari. Prochnow alipata vinne, Vette viwili. Kidole kimoja ni takriban nyuzi mbili, na kila uzi mmoja ni maili 60 za baharini. Alasiri, mwenye jua la juu zaidi ndiye aliye magharibi zaidi. Vidole viwili hivyo vikatoa kama maili 240, na eneo la kutafuta likaanza kusinyaa. Baadaye walilinganisha pia dakika ambayo jua lilizama kwa Prochnow na ile lililozama kisiwani Norfolk, na mwishowe Prochnow aliona taa za mtambo wa mafuta uliokuwa ukivutwa baharini. Alitua Norfolk baada ya saa 23 na dakika 5, ilhali mafuta yake yalikadiriwa kutosha saa 22.

Siku hizi setilaiti zimemaliza sehemu kubwa ya tatizo la kupotea. Mabomba hazijayaponya. Januari 2015, Cirrus SR22 iliyotoka Tracy, California, kwenda Hawaii ilishindwa kuhamisha mafuta ya tangi la ziada. Rubani aliwaarifu walinzi wa pwani, akasogea karibu na meli ya watalii Veendam, akafyatua parachuti inayobeba ndege nzima. Alipanda boti ya mpira akiwa salama, ndege ikazama.

Ndiyo maana rubani mzoefu hufungua koki ya tangi la ziada mapema, angali juu ya nchi kavu, na kuiachia injini inywe kutoka humo kwa muda. Pampu ikigoma hapo, hugeuza na kurudi kwa fundi. Mwenye ndege anayepiga simu kulalamikia ucheleweshaji huo hulipa usiku mmoja wa hoteli.