Pumziko la Siku ya Bwana ni la Nyumba Nzima

Wapendwa Wakristo wa Musoma, Bunda na Butiama, nanyi walimu wetu,

Katika mwaka wa jubilei yatupasa kukumbuka asili ya neno hilo. Kitabu cha Walawi, sura ya 25, chatuonyesha kwamba baada ya miaka saba mara saba baragumu ilipigwa, ardhi ikaachwa bila kulimwa, na mtu aliyejiuza kwa umaskini akarudi kwa jamaa zake huru. Basi jubilei ni pumziko lililo kubwa. Lakini asiyejua kuishika siku moja ya juma, ataushikaje mwaka mzima? Kwa hiyo twapenda kusema juu ya Dominika.

Tunaishi pamoja na Waadventista Wasabato, ambao walikwisha kufika katika nchi hii ya Mara kabla ya Vita Kuu ya 1914. Wao hushika siku ya saba, nasi twaitukuza siku ya kwanza, kwa kuwa ndiyo aliyofufuka Bwana wetu. Wala jina la Jumapili lisitubabaishe. Kiswahili huanza kuhesabu siku baada ya Ijumaa, ndipo ikaitwa ya pili. Kwa hesabu ya Maandiko ni ya kwanza. Jambo hili lisituletee ugomvi. Bali tukimwona jirani ameteka maji na kupasua kuni siku ya Ijumaa kabla ya jua kuchwa, ili nyumba yake itulie, na tujifunze kwake.

Wakristo wa kwanza hawakupewa nafasi ya kupumzika, maana wengi wao walikuwa watumwa. Walikusanyika kabla ya mapambazuko, kisha wakaenda kazini. Karibu na mwaka 150, Mtakatifu Yustino aliandika huko Roma jinsi sadaka ya Jumapili ilivyowasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Ni katika mwaka 321 tu Kaisari Konstantino alipoamuru mahakama na karakana zifungwe siku hiyo; lakini wakulima aliwaruhusu walime, msimu usije ukawapita. Twaona hapa mambo mawili: ibada yatangulia, na haja ya kweli yafikiriwa.

Haja za kweli zipo kwetu pia. Dagaa waliovuliwa usiku wa giza hawangoji Jumatatu. Wasipoanikwa juani wataoza. Ng'ombe wa Butiama wataka maji kila siku. Mgonjwa ataka mtu wa kumwuguza. Hata mkulima wa Bunda, akiona wingu zito juu ya pamba iliyokwisha kupasuka, aweza kuiokoa bila dhambi. Lakini wingu hilo haliji mara 52 kwa mwaka! Ajikumbushe hayo yule ambaye kila Dominika ana udhuru mpya.

Tena kuna kosa lililofichika zaidi. Baba hutoka katika Misa, akaketi kivulini pamoja na wageni wake, akajiona ameishika amri ya tatu. Wakati huo mkewe apuliza moto, binti yake apandisha ndoo kutoka ziwani, msichana wa kazi afua nguo, na mtoto wa watu yuko malishoni, ambaye hata Misa hakuiona. Je, nyumba hiyo imepumzika? Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 5, Mungu awataja mwana na binti, mtumwa na mjakazi, ng'ombe na punda, na mgeni aliye mjini, akitaka mtumwa apumzike sawasawa na bwana wake. Na sababu aitaja: Waisraeli nao walikuwa watumwa Misri. Basi anayepumzika kwa jasho la mwenzake hajaishika siku ya Bwana, ameigeuza Misri.

Mwalimu Julius Nyerere, mwana wa Butiama, aliyebatizwa Nyegina katika 1943, alitufundisha kwamba kuishi kwa jasho la mwingine ni unyonyaji. Mafundisho hayo tusiyaache katika siasa tu, tuyaingize jikoni.

Na tufanye hivi. Jumamosi maji na kuni viletwe na wote, wavulana pamoja na wasichana. Chakula cha Dominika kiwe chepesi, na wageni wasione haya kwa hilo. Wachungaji wapokezane, ili anayekwenda Misa leo akae malishoni juma lijalo. Mwenye mitumbwi awape waanikaji zamu, kila mmoja apate Misa. Mwenye pikipiki asidai hesabu ya siku hiyo kwa kijana anayeiendesha. Nanyi walimu, msiwaite wanafunzi kulima mashamba yenu wala kuwachotea maji siku ya Bwana. Kwa maana mtoto huyasahau maneno ya mwalimu upesi, bali matendo yake hayasahau.

Ndipo alasiri itakuwa na nafasi ya kumtazama mgonjwa, kupatana na jirani na kuzungumza na watoto. Na mama wa nyumba, akiisha kuketi mkekani pamoja na jamaa yake, atajua kwa hakika kwamba Bwana amefufuka kwa ajili yake pia.

Mungu azibariki nyumba zenu.