Ripoti Iliyokaa Miaka Mitatu

Vyuo vikifunguliwa, Igawa, kati ya Iringa na Mbeya, hujaa wanafunzi wenye mabegi. Wanaokwenda Mkwawa wanasubiri basi la kuelekea Iringa, wanaokwenda chuo cha MUST wanasubiri la kuelekea Mbeya, na pande zote mbili za barabara swali ni moja: bumu, yaani fedha za mkopo, limeingia?

Swali la nani alipie chuo kikuu ni la zamani kuliko Bodi ya Mikopo, na wakoloni walilijadili kwa sauti ya chini sana.

Kwa muda mrefu Afrika Mashariki ilikuwa na chuo kimoja tu cha kutegemewa, Makerere, kilichoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi. Kijana aliyeanzia Malangali, shule ya serikali iliyofunguliwa Iringa mwaka 1928, akibahatika kuchaguliwa alikuwa na safari ya barabara, reli na meli ya Ziwa Victoria mbele yake. Mwaka 1937 tume ya De La Warr kuhusu elimu ya juu ilizuru Afrika Mashariki, ikaandika, na ripoti yake ikachapishwa mwaka uleule. Ilitaka mfuko wa pauni 500,000 kwa ajili ya Makerere. Uganda ilibeba nusu, Uingereza na Tanganyika pauni 100,000 kila moja, na Kenya, pamoja na mashamba yote ya walowezi, pauni 50,000.

Mambo yalikuwa mazito zaidi mwaka 1955. Kikundi maalumu kilipewa kazi ya kushauri elimu ya juu ipanuliwe vipi. Nairobi ilikuwa inajenga chuo chake cha ufundi, Makerere ilikuwa tayari inafundisha shahada za London, Tanganyika haikuwa na chuo kikuu cha aina yoyote. Kila chuo kipya kilimaanisha bili mpya, na bili hiyo ilipaswa kugawanywa kati ya serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar.

Ripoti ikaandikwa mwaka huohuo. Wananchi waliiona mwaka 1958, ikiwa imefungwa ndani ya waraka mmoja na msimamo ambao serikali hizo zilikuwa zimekwisha kukubaliana. Yaani swali na jibu vilitoka siku moja! Mkulima wa kahawa wa Mbozi, ambaye kodi yake ilikuwa sehemu ya hesabu hizo, hakupata hata dakika ya kuuliza kwa nini Tanganyika iwe ya mwisho kwenye foleni, ingoje hadi katikati ya miaka ya 1960.

Katika miaka hiyohiyo, Iringa kulikuwa kunajengwa shule ya bweni ya St Michael's and St George's, kwa ajili ya watoto wa Kizungu. Fedha za shule hiyo hazikuhitaji kungoja foleni ya waraka ule. Majengo yake ndiyo Mkwawa ya leo, chuo kikuu kishiriki tangu mwaka 2005.

TANU haikungoja. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, chuo kikuu kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa ndani ya jengo la chama, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na darasa dogo la sheria. Tarehe ya waraka ule ilipitwa kwa miaka kadhaa, na walioipita ni watu ambao hawakushirikishwa kuipanga.

Wapo wanaosema serikali inahitaji faragha ili ijadili fedha bila presha. Wiki kadhaa, sawa. Miaka mitatu ni kitu kingine. Katiba yetu, ibara ya 143, imeweka ukomo kwa ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG): Rais akishazipokea, ziwe mezani pa Bunge ndani ya siku saba tangu kikao kinachofuata kianze. Zisipowasilishwa, CAG mwenyewe anazipeleka kwa Spika.

Ripoti za kamati zinazoundwa na mawaziri, zikiwemo za ada na mikopo, hazimo kwenye ibara hiyo. Hizo hutoka waziri anapoona inafaa.