Nyundo za Kamukunji, Ngoma za California: Jua Cali, Clemo na Ufundi wa Muziki wa Eastlands



Desturi inamtaka profesa mpya aeleze, katika mhadhara wake wa kwanza, anafundisha nini. Mimi ninafundisha Kiswahili. Leo lakini nitaanza na nyundo.

Mtu wa Eastlands, mashariki mwa Nairobi, huzisikia nyundo za Kamukunji kabla ya kuwaona wenye kuzishika. Mafundi wamekaa bega kwa bega, pipa la mafuta lililomaliza kazi yake linakatwa, linakunjuliwa, linapondwa hadi liwe karai, jiko, au sanduku la mtoto anayekwenda bweni. Sanduku langu la kidato cha kwanza lilitoka pale. Baba alilipigania bei asubuhi nzima, na muda wote huo nilikuwa nimemkodolea macho kijana wa rika langu aliyemshikia fundi bati. Hakuambiwa lolote. Alikuwa anaiba ujuzi kwa macho, akisubiri siku atakayoachiwa nyundo.

Watu hao tuliwaita jua kali kwa kuwa walifanyia kazi juani, bila paa. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira Kenya iliyowafundisha wachumi wa dunia kuitazama kwa heshima sekta isiyo rasmi. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi alifika Kamukunji, na vibanda vikafuata. Mwaka 1992 serikali ilitoa waraka wa sera uliobeba maneno hayo mawili, jua kali, katika kichwa chake. Tangu ripoti ile, ilichukua miaka 20 neno la barabarani kuingia kwenye kichwa cha waraka huo wa sera.

Karibu na hapo, katika mtaa wa California, kijana aitwaye Paul Julius Nunda alitafuta jina la jukwaani akajiita Jua Cali. C ile ni ya California, na kila aliyetoka Eastlands aliisikia bila kufafanuliwa. Albamu yake ya mwaka 2006 aliiita Juacali Sekta. Miaka mingi nililichukulia jina hilo kama mchezo mzuri wa maneno. Siku hizi naamini Nunda alikuwa anatuambia kazi yake ni ya aina gani, na sisi wasomi tukashindwa kusikia. Tulitafuta nyota wa muziki, kumbe aliyesimama mbele yetu ni fundi.

Turudi mwaka 2000. Nunda na mwenzake Clement Rapudo, tunayemjua kama Clemo, walianzisha Calif Records ndani ya mtaa wenyewe. Hawakuwa wa kwanza kuimba kwa lugha ya mtaa. Kundi la Kalamashaka lilikwisha kutoka Dandora na wimbo wake "Tafsiri Hii", uliotayarishwa na Tedd Josiah, na Nairobi nzima ikajua kwamba hasira ya Dandora ina vina. Dandora yenyewe, mkumbuke, ilianzishwa katika miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia: mwananchi alipewa kiwanja, maji na choo, nyumba akajenga mwenyewe, chumba baada ya chumba kadiri mfuko ulivyoruhusu. Sioni ajabu kwamba muziki wa huko ulijengwa vivyo hivyo. Redio nazo zilikuwa zimefunguliwa. Hadi katikati ya miaka ya 1990 sauti ya nchi ilikuwa moja, ya shirika la utangazaji la serikali. Stesheni binafsi za FM zilipokuja zilikuwa na saa nyingi za kujaza.

Walichokileta Calif ni karakana. Nimeingia studio nyingi za aina hiyo katika Eastlands. Ni chumba kimoja, blanketi na trei za mayai ukutani kuzuia mwangwi, kompyuta moja, maikrofoni moja, na kundi la vijana mlangoni wakingoja zamu. Umeme ukikatika, kila mtu anatoka nje na kazi inaendelea kwa mdomo. Prodyusa hukaa na msanii, husikia anavyoongea, ndipo hutafuta mdundo unaomfaa. Midundo ya Clemo ilikuwa na nafasi nyingi ndani yake. Ngoma nzito, besi ya kinanda cha kompyuta, sauti chache zinazorudiarudia, basi. Wapo waliouita muziki mwembamba. Mimi nasema fundi aliacha wazi mahali pa maneno kukaa, kwa kuwa alijua mteja wake amekuja na maneno. Jua Cali huimba kana kwamba ameegemea ukuta wa duka jioni akiwasimulia majirani. Mdundo uliojaa vinanda ungemzika. Katika wimbo wake "Ruka" sauti ile inasikika tangu mwanzo, haina haraka, na haikujaribu kuiga lafudhi ya New York wakati ambao wengi waliiga.

Muziki huo waliuita genge. Hapa naomba mnivumilie kidogo, ni kazi yangu. Katika Kiswahili cha zamani, genge ni kundi la watu wanaofanya kazi pamoja, vibarua wa reli kwa mfano. Na nani waliijaza Muthurwa na Makongeni kama si wafanyakazi wa reli? Kwenye Sheng, lugha ile ya mtaa, genge likawa umati, watu wengi wa kawaida. Vijana wa California walipouita muziki wao genge walilipokea neno kutoka midomoni mwa babu zao, hata kama hawakulijua hilo. Kisha Jua Cali akatoa "Ngeli ya Genge". Mwalimu wa sarufi akisikia ngeli anafikiria M-WA na KI-VI. Kijana wa mtaani anasikia lugha, hasa Kizungu. Maneno matatu yamebeba hoja nzima ya nani ana haki ya kuitwa msemaji wa lugha.

Hoja hiyo inaniuma kwa sababu yangu mwenyewe. Katika shule niliyosoma, ambayo sitaitaja, mtoto aliyenaswa akisema Sheng alivishwa kibao shingoni, akakivaa hadi amnase mwingine. Nilikivaa mara nyingi. Niliingia chuo kikuu nikiamini kwamba lugha niliyochezea mpira Jericho ni ugonjwa. Mwaka 2003 Mungai Mbaabu na Kipande Nzunga walichapisha kamusi ya Sheng, na mwaka 2018 Chege Githiora akatoa kitabu kinachoionyesha Sheng kama Kiswahili cha wenyeji wa Kenya. Kazi hizo nazifundisha kwa shukrani. Ila kabla ya kamusi, aliyenivua kibao kile ni redio ya matatu ya 58 kwenda Buruburu.

Matatu ndiyo iliyokuwa soko. Wimbo ulitoka studio mchana na jioni ulikuwa kwenye spika za dereva. Abiria wakitikisa vichwa, makanga akauliza jina la msanii, na kesho yake mchuuzi wa kaseti akawa nayo. Kanuni za waziri John Michuki zilipoanza kufanya kazi Februari 2004, na mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo, muziki wa sauti ya juu na michoro navyo vilipigwa marufuku. Barabara zilihitaji nidhamu, sibishi. Hata hivyo siku hiyo wasanii wa Eastlands walipungukiwa na duka lao kubwa, na sijaona popote hasara hiyo ikihesabiwa.

Katika karakana ile ya Calif walipita wengi: Nonini na "Manyake" yake, Jimw@t, Pilipili, Mejja, Size 8. Jua Cali alimwita Sanaipei Tande kwenye "Kwaheri", na uimbaji wake ukaonyesha kwamba genge linaweza kubeba huzuni. Wimbo mwingine aliupa jina "Bidii Yangu", na hakuna fundi wa Kamukunji ambaye asingeelewa.

Nisiufunike upande mwingine. Tangu "Manyake", nyimbo kadhaa za genge zimemwangalia mwanamke kama nyama kwenye ndoana. Ethic, vijana wa Umoja walioufungulia mtindo wa gengetone njia kwa "Lamba Lolo" mwaka 2018, walitoa "Tarimbo" mwaka uliofuata, wimbo ulioufanya ubakaji kuwa mchezo. Wanawake wa Kenya walipaza sauti, wimbo ukaondolewa, vijana wakaomba radhi. Waliolalamika walikuwa na haki kabisa. Ninaupenda muziki huu, na kwa hiyo sitautetea pale unapomwumiza binti anayekaa ploti moja na mwimbaji.

Sasa pesa. Nitazame kwanza Lagos. D'banj na prodyusa Don Jazzy walianzisha lebo ya Mo' Hits mwaka 2004, miaka 4 baada ya Calif: mwimbaji mmoja, mtengeneza midundo mmoja, lugha ya mtaani. Mwaka 2012 Don Jazzy akaanzisha Mavin, na mwaka 2024 Universal Music, kampuni kubwa kuliko zote za muziki, ikakubaliana kununua sehemu kubwa ya hisa zake. Nigeria ina zaidi ya watu milioni 200, na Wanigeria wa London waliibeba Afrobeats hadi kwenye kumbi ambazo sisi hatukuwa na wa kutubebea. Ukubwa wa soko hauelezi yote. Hapa kwetu, mwaka 2019, wanachama wa chama kinachowakusanyia watunzi mirabaha walipata shilingi 2,530 kila mmoja. Hiyo si bei hata ya sanduku zuri la bati. Ilibidi sheria irekebishwe mwaka 2022 ndipo msanii ahakikishiwe asilimia 52 ya mapato ya wimbo wake unapokuwa mlio wa simu. Na mwaka 2023 mahakama ilimpa Nonini fidia ya shilingi milioni 1 kwa wimbo wake "We Kamu" kutumika kwenye tangazo bila idhini. Uamuzi huo ningependa usomwe katika kila studio, kuanzia Kayole hadi Kariobangi.

Fundi wa bati alipata paa. Fundi wa muziki bado anaanikwa. Mbaya zaidi, kazi yake haina ghala. Vijana wa mtindo mpya wa Arbantone wanachukua vipande vya nyimbo za miaka ya 2000 na kuvijengea upya, jambo zuri kabisa, lakini wanavitoa kwenye nakala zilizochakaa, bila jina la aliyetengeneza. Chuo hiki kina maktaba yenye hewa baridi kwa ajili ya karatasi. Naomba rafu moja yake iwe ya diski na kaseti za Eastlands, na majina ya maprodyusa yaandikwe kwanza, na niko tayari kuanza kuzikusanya mimi mwenyewe kesho asubuhi.

Hivi karibuni nilikaa Umoja na kijana wa miaka kumi na tisa anayetengeneza midundo kwenye kompyuta ya kuazima. Alikuwa amekata kipande cha wimbo wa Calif akikirudiarudia, anatafuta kujua ngoma ile iliwekwa vipi. Nikamuuliza kama anajua ni kazi ya nani. Akanitajia mwimbaji. Nikamwandikia jina la Clemo kwenye bahasha, naye akalisoma taratibu, akaligeuza mkononi, akauliza: "Mwalimu, huyu huchukua wanafunzi?"