MPAKA WA SHAMBA NA KURA YA KIJIJI



Mwatuuliza: mipaka ya mashamba ya Kasulu na Kibondo yatuhusu nini sisi watu wa visiwani? Yatuhusu sana. Vijijini huko, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo isimamiayo ardhi, wala haiwezi kumgawia mtu kipande ila kwa idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Baraza lisuluhishalo ugomvi lina watu 7, wanawake wasipungue 3. Basi mwanakijiji aliyepiga kura tarehe 27 Novemba 2024 alichagua pia wasimamizi wa mpaka wake.

Na sisi je? Sheha huteuliwa, hapigiwi kura. Akifumba macho jirani anapoimega njia yetu, tutamwondoa kwa karatasi ipi?