Jile si ya kukamatia mutu



Mulituuliza: mwenye jile ya Msalaba Mwekundu, ao wa ambulansi, anaweza kusimamisha motari anayekimbiza pikipiki? Jibu letu: hapana. Sheria ya barabara ya tarehe 30/8/1978 inaachia kazi hiyo waajenti wenye ruhusa. Hapa Kindu ni polisi ya barabara, PCR. Ambulansi yenye kulia inapewa njia, haipewi uwezo wa kukamata.

Kuna mlango mumoja mudogo. Sheria ya 6/8/1959 inaruhusu mutu yeyote kumushika anayeonekana akitenda kosa la kifungo cha miaka 3 ao zaidi, kama mukubwa wa sheria hayuko pale, na kumupeleka kwake mara moja. Mbio peke yake haifiki hapo.

Kijana wetu mumoja alisimama katikati ya njia kule Alunguli, mikono juu. Pikipiki ikamuvunja mguu. Basi, tafazali: andikeni namba ya plake, muite polisi, mulinde muumizwa, musiachie watu wapige dereva.

Wafadhili, jile mulizotupa ni za kuokoa. Mutuongezee bandeji na machela.