MBEGU INYWE KWANZA

Leo nataka kunena juu ya mbegu ya mpunga isiyoota katika udongo wa chumvi.

Ziwa letu la Nyasa maji yake ni matamu, kwa kuwa lina mlango: maji hutoka kusini kwa mto Shire hata Zambezi na baharini. Ziwa Rukwa halina mlango. Jua huyainua maji hewani, na chumvi hubaki. Ndivyo yalivyo mashamba nayo. Penye udongo usiotoa maji, kama sehemu nyingi za bonde la Pangani chini ya milima ya Upare, wakati wa kiangazi huonekana ukoko mweupe juu ya ardhi. Mkulima wa huko humwaga mbegu, akavuna mapengo.

Je, mbegu hizo hufa kwa nini? Hufa kwa kiu, ingawa udongo umelowa. Chumvi huyashika maji yasiingie katika mbegu, na chumvi yenyewe ikiingia huidhuru. Basi yafaa mbegu inywe kwanza nyumbani.

Fanya hivi. Tia mpunga katika maji safi, uziondoe pepe zinazoelea. Zilizozama ziache majini tangu jioni hata asubuhi, yaani saa 12, wala zisipite saa 24. Kisha zitandaze mkekani kivulini mpaka zikauke kwa nje, uzipande siku ile ile. Angalia sana mzizi usitokeze, maana mbegu iliyokwisha kutoa mzizi, ukiikausha, hufa.

Wala usiliamini neno langu tu. Panda mbegu 100 zilizolowekwa na 100 kavu, mistari miwili katika udongo mmoja. Baada ya siku 10 hesabu miche.

Lakini kuloweka hakuondoi chumvi, na mche mchanga wa mpunga ni mnyonge mbele yake. Chimba mfereji, uingize maji matamu yaoshe udongo, kisha yatoke.

Nanyi wa Kyela, ambao Songwe, Kiwira na Mbaka huosha mabonde yenu, kazi hii haitawapotea: mbegu iliyokunywa huota upesi na kwa pamoja, magugu yasiitangulie.

Debe la mbegu ni chakula walichonyimwa watoto leo ili wale mwakani. Msilitupe.